Siku Tuliyokataa Kulima Mchanga

Mwanangu Minza, pamoja na wenzako wa kikundi mtakaosomewa karatasi hizi, nianze kwa kuomba msamaha. Mwandiko wangu umepinda, na herufi nyingine nitakuwa nimezikosea. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika mpini mara nyingi kuliko kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Nivumilieni, maana jambo hili sikutaka kulisema kwenye simu huku mtandao unakatika.

Nimesikia kwamba yule bwana anayeleta wageni wa mbugani anataka mcheze bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, mkiwa mmevaa vitambaa vilivyochapwa madoa ya chui, na manyoya kichwani. Nimesikia kwamba alipokuuliza wewe, ulitazama chini ukasema "eeh". Na kwamba sasa wenzako wamekununia nawe unalia. Mwanangu, usilie. Eeh kama hiyo niliisema mimi kabla hujazaliwa, tena niliisemea mbali, Hispania, kwenye mji mdogo ulio kando ya bahari ya Mediterania.

Iko siku moja ya kule ambayo mpaka leo hunirudia nikishika jembe.

Ilikuwa enzi za ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa ndiyo kwanza wanaingia vijijini na mizani zao, mitumba imejaa mnadani Bariadi, na kila mtu alionekana ana kitu cha kuuza au safari ya kwenda. Bariadi yenyewe ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Mimi nilikuwa msichana wa Lagangabilili, miaka kumi na tisa, mwoga wa kutosha. Nikitumwa chumvi nikakuta watu wawili dukani, nilizunguka nyuma ya nyumba mpaka waondoke. Kitu nilichokiweza ni jembe. Kikundi chetu cha kulima kilipojipanga shambani na ngoma ikaanza nyuma yetu, ule woga ulishuka miguuni ukaishia kwenye njuga.

Padri wa parokia yetu alikuwa mzaliwa wa mji huo wa pwani. Watu wa kwao walimwomba awapelekee wachezaji kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wao, naye akatuchukua watu tisa, chini ya Manju Masalu aliyekuwa akitunga nyimbo zetu. Fundi wa sokoni alitushonea sare: wasichana sketi za buluu na blauzi nyeupe, wavulana kaptula na fulana. Majembe tuliyafunga kwenye gunia la pamba. Kwenye viwanja vya ndege walitufungulisha gunia lile mara tatu. Hawakuamini kwamba mtu anaweza kupanda ndege na jembe lake.

Mji ule ulikuwa na nyumba nyeupe zilizopanda kilima, vichochoro vyembamba, na harufu ya samaki wanaokaangwa. Chini kabisa ndiyo ufukwe. Siku ya kwanza tuliposhuka kuuona tulisimama. Watu wazima, wenye mvi, wamelala juani bila nguo za maana. Shija, mpiga ngoma wetu, aliuliza kwa upole kama wameibiwa nguo wakioga. Tulicheka, lakini tulitazama pembeni.

Nami nilifanya nilivyolelewa. Nilipomkaribia bibi mmoja aliyelala kwenye taulo, nilichuchumaa, nikainamisha macho, nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Yule bibi alishtuka, akadhani tumbo limenikata. Alinishika bega akaninywesha maji kutoka kwenye chupa yake. Nikayanywa, ningefanyaje. Wenzangu walinitania kutwa nzima. Hakuna aliyefikiri kwamba kama kuchuchumaa kwetu wanakuona ni ugonjwa, basi na kuitikia kwetu wanaweza kukuona ni kitu kingine.

Tulilala kwenye hoteli iliyo ufukweni, ya mtu mmoja mnene, mchangamfu, aliyeitwa Vicente. Siku ya tatu Padri alikwenda mji mwingine kuonana na askofu wake. Vicente alitukuta tunakunywa chai, akaanza kuzungumza nami kwa kuwa nilikaa karibu na mlango. Mkalimani alikuwa Amparo, mpwa wa Padri, binti mzuri wa tabia ambaye aliwahi kukaa kwetu miezi michache. Kiswahili chake kilitosha kuombea ugali na kulalamikia mbu.

Vicente alikuwa na umri wa baba yangu. Kila aliposema sentensi niliitikia "eeh", kama tunavyomwitikia mkubwa anapozungumza, ili ajue masikio yako yapo. Wewe unajua, Minza. Mzee akieleza ng'ombe wake alivyopotea, unasema eeh. Akieleza alivyopatikana, unasema eeh. Hujakubali wala kukataa kitu, umempa tu njia ya kuendelea. Basi nilimpa Vicente njia mpaka mwisho wa maneno yake. Alifurahi, akanipigapiga begani, akaondoka.

Baada ya chakula cha mchana vijana wake walileta masanduku mawili. Ndani mlikuwa na vitambaa vya madoa ya chui, mikuki ya mbao, manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi, na mikufu ya mifupa ya plastiki, vitu vya maandamano ya sikukuu zao. Amparo alisema, bila kututazama vizuri, kwamba jioni tutavaa hivyo na kucheza kwenye mchanga mbele ya hoteli. Wavulana vifua wazi. Wasichana pia karibu hivyo hivyo. Majembe yabaki chumbani, maana wageni wanataka kuona Afrika.

Shija aliuliza nani amekubali mambo hayo. Amparo akaninyooshea kidole. "Kabula. Yeye alisema eeh, eeh, eeh. Mara nyingi."

Mwanangu, watu wanane walinitazama. Ningeona shimo pale ningeingia. Binamu yangu Holo, tuliyelala naye kitanda kimoja tangu utoto, aliniambia kwamba nirudi nyumbani nikamweleze baba yake mwenyewe jinsi nilivyomvua nguo mwanawe mbele ya wazungu. Alisema polepole, na ndiyo maana iliuma.

Nilimwendea Manju Masalu, nikachuchumaa, nikamwomba aende kwa Vicente aseme hapana. Yeye ndiye mkubwa wetu, ni mwanamume, ana sauti. Alikuwa anakaza kichwa cha jembe lake kwenye mpini. Hakuacha kazi.

"Nikienda mimi," alisema, "atajua Masalu amekataa. Wewe atajua umekubali. Utazeeka hivyo?"

Nikasema sijui kuongea na watu.

"Mdomo ulikuwa nao asubuhi. Nenda nao huo huo. Na usimchuchumalie, maana hajui kusoma hiyo."

Nilikasirika naye, nikikuambia uongo itanisaidia nini. Nililia kwanza msalani. Kisha nilivaa sare yangu, sketi na blauzi, nikafunga njuga, nikatoa jembe langu kwenye gunia, nikamwita Amparo. Tulimkuta Vicente barazani anapanga viti vya watazamaji, vyote vimeelekea mchangani. Magoti yangu yalitaka kukunjika yenyewe kwa mazoea. Niliyakaza. Nikamtazama machoni mtu wa umri wa baba yangu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na ilikuwa kama kutazama jua.

"Mwambie sikukubali," nilimwambia Amparo. "Nilimwitikia tu, kwa kuwa ni mkubwa. Zile nguo si zetu. Sisi ni wakulima."

Vicente alicheka, si kwa ubaya. Akauliza kama hatuna ngozi za kuvaa sisi, tunavaa nini kwetu. Nikamwonyesha sketi. Akasema sketi kama hiyo hata wahudumu wake wanavaa. Nikamwambia basi wahudumu wake wamevaa vizuri. Hapo Amparo alitabasamu kabla ya kutafsiri.

Akabadili njia. Akasema haya, vaeni mnachotaka, chezeni na majembe yenu, mchanga ndio huo, limeni mpaka mchoke.

Minza, hapo angeweza kunipata. Ilikuwa nafuu. Lakini unajua sisi jembe hatulichezei hewani tu. Linarushwa, linazungushwa, linadakwa, kisha linashuka kwenye udongo na udongo unageuka, na mbele ya mstari lipo shamba la mtu anayengoja. Bila hilo umebaki na watu wanaorukaruka wameshika chuma. Nilimfikiria mama yangu akiniona nalima mahali pasipoota hata mbigili, ili watu waliolala wainuke wapige picha.

"Mwambie mchanga haulimwi," nikasema. "Kama ana shamba, atuonyeshe. Kama hana, hatuchezi."

Kicheko kiliisha. Alisema hoteli ni yake na vyumba ni vyake, na asiyecheza asitegemee kula mezani pake. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia eeh.

Niliporudi nikaeleza, hakuna aliyenipongeza. Shija alibeba ngoma yake, Holo akakunja shuka kama zilivyokunjwa tulipofika, masanduku yale mawili tukayaacha mlangoni. Tukatoka na mizigo yetu, majembe begani, bila kujua tunakwenda wapi. Amparo alitufuata anakimbia. Alisema bibi yake, mama mzazi wa Padri, anacho kipande cha bustani nyuma ya mji. Kimelala tangu mume wake alipofariki. Maji ya mfereji yalipita juzi, udongo ni laini.

Tulimkuta mama huyo amevaa nguo nyeusi mpaka miguuni, anachambua maharage. Amparo alimweleza. Alitutazama, akatazama majembe, akachukua langu akalipima uzito kwa mkono mmoja kama mtu anayenunua. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe la kwao, mpini mfupi uliong'arishwa na viganja. Hatukuhitaji mkalimani tena.

Kule wakati wa kiangazi jua halina haraka. Saa mbili ya jioni bado unaweza kutunga uzi kwenye sindano. Tulijipanga mstari, ngoma ikaingia, na majembe yakapanda pamoja yakashuka pamoja. Udongo wao ni mweusi, Minza, kama wa mbuga zetu za pamba. Manju Masalu alimpa mama yule nafasi katikati ya mstari, naye alilima kwa kuchelewachelewa, mara analia, mara anacheka.

Ngoma ilisikika mpaka ufukweni. Watu wakaanza kupanda kilima, mmoja mmoja, kisha makundi. Walikuja walivyokuwa, na nguo zao za kuogea, matumbo wazi, mchanga umewaganda miguuni, wakazunguka shamba. Holo alinisogelea huku tunalima, akanong'ona, "Kabula, ona, wenye ngozi ndio hao." Nilicheka mpaka nikakosa kudaka jembe. Ndivyo nilivyojua amenisamehe.

Vicente naye alikuja, viatu vyake vyeupe vikaishia ukingoni mwa mfereji. Tulipomaliza alimwambia Amparo kwamba kesho tuje hotelini, na sare zetu, na majembe, na vyumba vyetu vipo. Amparo akamgeukia Manju. Manju akapangusa jasho, akaninyooshea jembe lake. "Muulizeni mwenye mdomo."

Nikasema, "Kesho hatuna nafasi. Tunamalizia upande wa pili."

Na tulimalizia. Tulilala sakafuni kwa mama wa Padri siku zote zilizobaki, tukala maharage yake. Padri aliporudi na kukuta bustani ya baba yake imegeuzwa yote, alivua viatu akakaa juu ya tuta.

Sasa nikuambie, mwanangu. Endelea kuchuchumalia wakubwa. Endelea kuinamisha macho na kuitikia eeh, ni malezi yako na ni mazuri. Lakini mtu akiichukua adabu yako akaigeuza kuwa ruhusa, simama wima umwambie amekosea. Usimtume mjomba wala mwenyekiti wa kikundi. Nenda na mdomo ule ule uliosema eeh, hata kama unatetemeka, wangu ulitetemeka. Mwambie bugobogobo ina nguo zake, na inahitaji shamba. Wageni wake wakitaka kuona, walete miguu yao Lagangabilili wakati wa kulima. Akikasirika, nyumba yangu ina nafasi ya kikundi chote, na upande wa mtoni haujalimwa.

Mungu akukaze magoti siku hiyo. Jembe lako lisikosee mkono, na udongo utakaougeuza uote, na njuga zako zisikike mbali kuliko woga wako.

Ukishamwona huyo bwana, niandikie ulimwambia nini naye alijibu nini. Na wenzako waandike pia, kila mmoja karatasi yake. Iwe barua, maana herufi za simu macho yangu hayaziwezi. Mkikosea herufi msijali, mimi nimeshawatangulia.