Siku Dada Alipokatazwa Kugusa Oda

Dada yangu ndiye aliyeomba ule mfumo uletwe. Nalisema hili mapema kwa sababu kiwandani watu walishaanza kumwonea huruma, eti kompyuta zikianza kuongea zenyewe atamwaga unga. Hawamjui. Alimwandama meneja mpaka akakubali, na siku mafundi walipoingia na nyaya zao, aliimba korido nzima.

Tunatengeneza sabuni. Dada anapokea oda. Mimi mdogo wake naendesha lori linalozipeleka. Mteja wetu mkubwa ni kampuni yenye maduka karibu kila mtaa. Kila asubuhi karani wao alikuwa anatuma oda kwa barua pepe, kisha anapiga simu: "Nimekutumia. Umepata?" Dada anajibu, "Nimepata," halafu anaichapa upya yote kwenye kompyuta yetu, ndipo stoo wapate karatasi ya kupakia. Miaka yote hiyo hawajawahi kuonana. Dada alimbatiza Mama Umepata, na kule yeye anaitwa Mama Nimepata. Najua, maana mimi ndiye ninayefika pande zote mbili na kubeba umbea.

Kazi hiyo ilimganda. Hakuna mwingine aliyeijua, kwa hiyo likizo alizisikia kwa wenzake tu. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe alifika watu wameshakula. Sasa binti huyo, mpwa wangu, alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza, huko mji wa mbali, na Dada aliapa kwamba safari hii atakuwepo. Meneja akamwambia, "Siku mfumo utakapomaliza oda nzima bila mkono wako, siku hiyohiyo nenda."

Fundi alitueleza itakavyokuwa. Kompyuta ya wenzetu ikiona sabuni inapungua, inaandika oda yenyewe. Yetu inaipokea, inawatolea stoo karatasi, na ankara inarudi kwao. Watu wanakaa pembeni. Mimi dereva nilisisimka, sembuse Dada!

Siku ya majaribio oda iliingia kweli. Tukapakia, nikatoka getini napiga honi utadhani nimembeba bwana harusi. Niliporudi nikakuta karatasi nyingine inanisubiri. Nikasema loo, biashara imechangamka, nikapakia tena, nikaenda. Mpokea mizigo wa kule akalitazama lori, akanitazama mimi. "Kaka, leo mmetuona madobi?"

Kumbe Mama Umepata, kwa mazoea, alikuwa amepiga simu: "Imejituma yenyewe. Umepata?" Na Dada, kwa mazoea, akajibu nimepata, akaichapa upya. Kompyuta hazikukosea hata kidogo. Wanawake wawili ndio walioivuruga.

Nilifoka. "Dada, huo mkono wako una shetani?" Alikuwa ameinamia kibodi, anajifuta machozi. Nikatamani kuyameza maneno yangu.

Meneja hakupaza sauti. "Kesho tunarudia. Ikiharibika tena, mafundi wanafunga virago, tunaendelea na simu zetu." Jioni mpwa wangu akapiga: "Mama, wanasema ni wakati wowote sasa."

Asubuhi fundi alitaka Dada afungiwe nje. Dada akakataa katakata. Akampigia mwenzake, akaweka sauti kubwa. "Mwenzangu, leo hatukati simu mpaka oda ipite. Lakini ole wako utaje sabuni!"

"Haya. Sasa tuongee nini?"

"Sijui. Una watoto?"

Weee! Waliongea kuhusu watoto, wakwe, magoti yanayouma, mume wa huyu anayekoroma. Mkono mmoja wa Dada ulishika simu, wa pili ameukalia. Mara skrini ikawaka: oda imeingia. Nikamwona akinyanyuka kidogo kitini. Upande wa pili mwenzake naye aliiona ikitoka. Kisha Mama Umepata akauliza, "Na… na huyo mkweo, ni mrefu?"

"Mrefu, ndiyo!" Dada akapiga kelele, akajikalia tena mkono. "Tena hana neno!"

Stoo wakapata karatasi. Nikasubiri ya pili roho ikiwa mkononi. Haikuja. Nikaendesha, nikashusha, wakakubali mzigo wote, na ankara ilikuwa imeshawafikia nikiwa bado nafunga milango ya lori. Nilipopiga ofisini kuwaambia, vigelegele vilinijaa sikioni. Niliporudi kiti cha Dada kilikuwa kitupu, sweta lake bado limening'inia. Alilisahau kwa haraka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya mzigo wa siku, nilipita ofisini kwa Mama Umepata kumsalimia. Nilimkuta amekaa na simu mapajani, anaitazama, anaiacha, anaitazama. Saa ya oda ilikuwa imefika.

"Shemeji, siwezi," akaniambia. Akampigia Dada, akaweka sauti kubwa.

"Sitaji sabuni!" akaanza, kabla hata hajasalimiwa. "Mtoto amefika?"

Tukasikia kilio kichanga, chembamba, chenye hasira. Tayari nimekuwa babu! Nyuma yetu oda ya siku ile ilijiandika na kuondoka, wala hakuna aliyegeuka kuitazama. Dada alikuwa analia na kucheka.

"Amefika, mwenzangu. Na mimi nilikuwepo. Unanisikia? Nilikuwepo."