Mshale Unaoelekeza Chini

Wifi yangu Ikupa ni mzamiaji. Ndiyo, Mnyakyusa wa Ikuti, binti wa watu wa ndizi na chai, amekaa miaka kule Mafia akiwaongoza watalii chini ya bahari, mpaka kaka yangu Asukile alipomwoa akamrudisha milimani. Siku hizi anafuga kuku Makandana na kupika maandazi. Watu wakiiona ile saa yake kubwa mkononi wanadhani anaringa. Saa gani! Ile ni kompyuta ya kuzamia, ndiyo inayomwambia lini atoke majini akiwa mzima.

Basi pampu ya maji ya kijiji chetu, kule Suma, ikazama ziwani. Ziwa letu ni shimo la volkano, ukiacha ukingo kidogo tu huoni tena chini. Ikupa akasema atashuka kuifunga kamba, vijana waivute wakiwa nchi kavu.

Kabla ya siku hiyo alinikalisha jikoni akanifundisha kusoma kioo cha ile kompyuta. "Wifi, nikiwa chini inanihesabia dakika ninazoruhusiwa. Zikiisha inaandika STOP, halafu mita tatu, halafu dakika za kusubiri pale. Na nimeiweka kwenye hesabu ya milimani, huku kusubiri ni kurefu. Hapo juu ya kichwa changu kuna silingibodi, ila haionekani. Nikiipita, unatokea mshale wa kunirudisha chini na kompyuta inalia. Nisiporudi, hewa iliyoingia kwenye damu inatoka mapovu kama soda iliyotikiswa."

"Hilo linatibiwa hospitali gani?"

"Mashine yake iko huko pwani. Kwa barabara hii nitafika nimeshapooza. Kwa hiyo ukiniona nimening'inia pale kama maiti, wifi, usinivute."

Haya, nikaelewa. Shida ilikuwa baba. Mzee Isakwisa ni mtu wa zamani. Kwake mkwe na mkamwana hawaonani kabisa. Ikupa akipita uani, baba anageukia migomba, na Ikupa naye anajifunika khanga usoni. Maelezo yale hakuyasikia hata neno. Siku ya kazi alikaa ufukweni, kalipa ziwa mgongo.

Nilikuwa peke yangu kwenye chelezo cha mapipa, nimeshika kamba iliyofungwa kwenye jaketi la kuzamia la Ikupa; ile ya pampu waliishika vijana ufukweni. Akashuka. Akakawia huko chini akiifunga pampu. Hatimaye nikamwona anapanda taratibu, maji maangavu, akasimama chini yangu na kuniinulia mkono. Kioo kilikuwa kinawaka: tatu, na tisa. Mita tatu, dakika tisa. Nikatulia.

Ghafla chelezo kikayumba. Baba! Alikuwa amegeuka kuchungulia, akaona kamba imeganda, akaja na mtumbwi.

"Gwe Monica, mtoto wa watu anakufa, wewe umekaa tu!" Akanipora kamba.

"Baba, acha! Anasubiri!"

"Anasubiri nini majini?"

Akavuta, uso ameupeleka kando kwa heshima. Jamani! Anamwokoa mtu ambaye hataki kumwona! Ikupa akapanda kwa kishindo, nikasikia kompyuta inalia, na mshale ukaanza kuwaka na kuzima. Akapiga miguu arudi chini. Baba akahisi uzito.

"Kuna kitu kinamvuta!" akasema, akaongeza nguvu. Kadiri Ikupa alivyopambana kushuka, ndivyo baba alivyozidi kuamini kwamba ziwa linamchukua.

Nikamng'ang'ania mikono. Mzee amechuma chai maisha yake yote, utamweza wapi? Nikamuuma. Ndiyo, nilimuuma baba yangu mzazi begani, na wala hakushtuka.

"Mtazame! Baba, mtazame!"

"Siwezi kumtazama mkamwana."

"Basi utamzika!"

Hapo shingo yake ikageuka, polepole, kana kwamba inamuuma. Ikupa alikuwa karibu kabisa na uso wa maji, macho yamemtoka ndani ya maski, mkono wenye kompyuta ameunyoosha kwetu. Mshale unawaka, unazima, unawaka. Kidole chake nacho kinaonyesha chini, chini, chini.

"Anataka kushuka," baba akasema kwa mshangao. Akaiachia kamba.

Ikupa akarudi mahali pake. Baba akalala kifudifudi kwenye mbao, macho hayabanduki kwake. "Angali mzima? Angali?" Nami ningejuaje? Kompyuta inahesabu tu, haiwezi kuona kilichomo kwenye damu ya mtu. Niliogopa sijapata kuogopa hivyo.

Mshale ukapotea. Dakika zikapungua, zikaisha, neno STOP likafutika. Akapanda. Akavua maski, akakunja vidole na kuvikunjua, akachezesha miguu, akajaribu mabega.

"Mzima," akaniambia, akaanza kulia. Kisha akamwona baba. Haraka akageuza uso, akapapasa kutafuta khanga ambayo hakuwa nayo, akajifunika kwa viganja.

Baba akamnyooshea mkono.

"Niangalie tu, mwanangu," akasema. "Mimi nimeshakuangalia."