Kumi Bora Bila Wimbo wa Chumvi

Siku yangu ya kwanza redioni, pale Lindi, nilivaa viatu vya kuazima nikidhani nitakabidhiwa kipaza sauti. Meneja wa Kituo, baba mkali kama pilipili, akanikabidhi nauli ya Njinjo. "Nenda gulioni ukasikilize," aliniambia. "Wimbo anaouimba mtu huku mikono ina kazi, huo ndio wimbo. Ukisikia redio inaimba, pita zako."

Ndivyo tulivyopanga chati, vijana wangu, yaani nyimbo kumi zilizopendwa kuliko zote wiki hiyo. Kadi za salamu, walizotuma wasikilizaji kuomba nyimbo, nazo tulizitazama, lakini mtu aliweza kununua rundo zima ampendelee nduguye. Mdomo wa mama anayebangua korosho hauhongeki. Kuna safari nilivuka bahari hadi kisiwa cha Songo Songo, nikatapika njia nzima, nikarudi na wimbo mmoja tu. Na nilijiona mtu mkubwa!

Wimbo ulionishika kuliko yote ulikuwa wa Mzee Mbonde wa Kipatimu, mkulima wa machungwa na mpiga gitaa. Ndani yake mke anamsuta mume aliyetoka kuuza machungwa: "Umerudi na kofia, chumvi i wapi?" Kila nilikokwenda, kinamama waliitikia kibwagizo hicho na kuvunjika mbavu. Kwa kushika namba moja, Mzee Mbonde alialikwa kupiga harusini hadi Lindi mjini.

Miaka ikaenda, akaja Msimamizi wa Vipindi kutoka Dar, kijana mwenye adabu zake, sitamsingizia.

"Mama, siku hizi tunafuata strimu," alisema. Strimu ni kila mara wimbo unapochezwa mtandaoni. Zinajumlishwa, chati inajipanga yenyewe.

"Na Kipatimu kusikokuwa na mtandao?"

"Namba hazidanganyi, Mama."

"Hazidanganyi, lakini Kipatimu hazijafika!"

Akacheka. Wiki ile Wimbo wa Chumvi ukatoka kumi bora, na chati hiyo niliisoma mimi mwenyewe hewani. Mzee Mbonde akanipigia simu. "Mwanangu, watu nimewakosea nini?" Nilimwambia bado wanamwimba, hakuniamini. Redio ilikuwa imeshasema.

Nikastaafu. Kazi yangu haina mrithi, maana nani leo atapewa nauli akasikilize watu? Inaniuma, wallahi, na sioni dawa.

Mwezi uliopita nilipanda Kipatimu kumjulia hali mzee. Nikaelekezwa kilimani nyuma ya nyumba yake, ambako siku hizi mtandao unakamata kidogo. Nilimkuta kwenye jamvi na simu tatu mbele yake, mbili za kuazima. Gitaa sikuliona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Angalia usizikanyage."

Kwenye vioo vyote ilikuwepo picha yake ya ujanani. Wajukuu wake waliupandisha Wimbo wa Chumvi mtandaoni, na simu zote tatu zilikuwa zinaucheza, kimya kabisa.

"Mbona hakuna sauti?"

"Sauti inamaliza chaji. Wajukuu wanasema hata bila sauti unahesabiwa."

Bondeni wanawake walikuwa wanachuma machungwa. Mmoja akaanzisha, wenzake wakaitikia, na kibwagizo kikatufikia pale juu kizima kizima: chumvi i wapi?

Nikamshika mkono. "Mzee, sikiliza! Wanakuimba!"

"Hiyo haihesabiwi, mwanangu," akasema bila kuinua macho, akabonyeza simu ya kwanza uanze upya.