Siku Niliyoizima Nyota ya Daktari

Hivi nyie, mshawahi kumwona mtu aliyezima nyota? Basi mtazameni huyu hapa, na kanga yake.

Siku ya kwanza kazini, pale chuoni Kibiti, nilipewa ufagio. Shuleni kwetu Mohoro nimeishia darasa la pili, ningepewa nini? Mkuu wa Chuo akanipeleka chumba cha kompyuta. "Mama, bosi wako ni Daktari. Wewe futa vumbi tu."

Daktari wa nyota, jamani. Mpole, shikamoo haikauki mdomoni. Mimi nadeki, yeye ananieleza. Kuna nyota zimezeeka, zimebaki vijiwe vyeupe, vidogo, vizito. Kimoja kikimnyonya jirani yake mpaka kikavimbiwa, kinapasuka, unabaki moshi unaotanuka. Ule moshi yeye anauigiza kwenye kompyuta: anaipa mahesabu, inachora yenyewe pole pole, masika nzima. Akanionyesha, duara lina vinundu kama stafeli.

"Isizimwe tu, mama. Wenye mashine waliotuazima wakiuona moshi umekamilika, wanatuachia. Wasipouona, wanazibeba."

Ijumaa, wote wako msikitini, radi ikapiga. Sasa mimi nimelelewa hivyo: radi ikinguruma, kioo funika, redio chomoa. Nikachomoa mashine zote. Betri ya akiba ikaanza kulia pii pii, nikaizima nayo. Vioo nikavifunika kanga, nikakaa mlangoni najisifu.

Daktari karudi kalowa. "Mama, nani kazima?"

"Mimi, mwanangu. Nimekuokolea mashine zako."

Akakaa sakafuni na kanzu yake nyeupe. Hakunigombeza, bora angenigombeza. "Kazi iliyohifadhiwa ni ya mwanzo mwanzo, mama. Hata nyota haijapasuka."

Wenye mashine walipokuja walikuta kijiwe cheupe tu. Wakabeba. Daktari akarudi Dar, mimi nikahamishiwa jikoni mpaka nikastaafu. Vijana wa bodaboda hadi leo: "Bi Kizimio, usiiguse pikipiki yangu." Nacheka nao. Lakini nikipita dirisha la kile chumba, najitanda kanga mpaka usoni.

Sasa mjukuu wangu Zaituni anasomea nyota hizo hizo Dar. Alipokuja likizo nikamwambia, "Mwanangu, huko usiseme una bibi Kibiti."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Bibi, nyota yangu ya kompyuta ikiwa tayari nakuja kukuchukua mwenyewe. Kidole cha kuiwasha ni chako. Radi ikipiga, funika vioo utakavyo. Waya nitaukalia mimi."