Nilifuta Adungu ya Mjomba Nikidhani Naisahihisha

Kosa ni langu, ndugu msomaji, na sitaki mtu anisaidie kulibeba. Jina nalificha kwa aibu tu, maana mji wetu wa Arua, hapa Uganda, ni mdogo na wateja wangu wana midomo.

Nina studio ya muziki huku mtaa wa Oli. Ni chumba kimoja, na ukutani nimegongomea magodoro ya kuzuia kelele za nje. Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyenilea kijijini Ludara, Koboko. Alikuwa mpigaji wa adungu kanisani. Kama huijui, adungu ni kinubi chetu cha nyuzi, na ya kwake aliichonga mwenyewe.

Siku moja akaja studio na wimbo alioutunga kwa ajili ya mazishi yake.

"Siku mi nakufa, mupige hii," aliniambia. "Sitaki watu ya kukodi naimba kwangu."

Tukacheka sana. Nikarekodi adungu kwanza, kisha sauti yake.

Jamani, alipiga! Lakini masikio yangu yalikuwa yameshaharibiwa na kibodi. Nyuzi zake hazikulingana na piano, na mimi nikaona hiyo ni kasoro. Mjuaji mimi! Nilikuwa na plagini, yaani ala ya ndani ya kompyuta, inayoigiza adungu. Nikaandika noti zake zote upya kwa hiyo plagini, zikanyooka kama rula. Halafu diski ilipojaa nikafuta rekodi ya adungu yake ya kweli, nikabakiza sauti tu.

Nilipomsikilizisha, aliinamisha kichwa.

"Huyu nani napiga?"

"Ni wewe, mjomba. Nimekunyoosha kidogo."

"Hapana. Huyu hapana mimi." Kisha akasema taratibu, "Lakini wewe ndiyo najua kompyuta."

Nilimsikia vizuri kabisa, nikapuuza!

Baadaye nikahamia programu nyingine ya kurekodia, kwa sababu kila mwenye studio alikuwa anaisifu. Rafiki yangu wa kule Onduparaka alinionya. Alisema kabla ya kuhama nigeuze kila ala iwe sauti kamili, kwa kuwa faili linatunza noti tu, mlio wenyewe unatoka kwenye plagini, na plagini inayokubali programu hii inaweza kuikataa ile. Nikamjibu nitafanya wikiendi. Sikufanya. Nikaisafisha kompyuta yote nikaanza upya.

Na wimbo wenyewe nilikuwa sijaumaliza, hata nakala moja ya simu sikumpa mtu. Mjomba alikuwa akipiga simu, "Wimbo yangu iko?" Nami najibu, "Iko, mjomba, bado kuupiga pasi tu." Uongo mtupu!

Akaugua ghafla, akafa.

Nilifungua faili tukiwa tunaandaa mazishi. Kompyuta ikaniambia ala haipatikani. Nikarudisha programu ya zamani, ikagoma. Plagini yenyewe wenye nayo walishaacha kuitengeneza, haipatikani tena. Nikalia peke yangu kama mtoto, maana hapo ndipo nilipoelewa. Hata faili lingefunguka, ingelia kompyuta, si adungu yake. Mjomba mwenyewe nilikuwa nimeshamfuta kwa mkono wangu.

Mazishini Ludara tulipiga sauti yake tupu kwenye spika. Loo! Wimbo ule ulikuwa na mahali pa yeye kunyamaza ili adungu imjibu. Basi akawa anaimba, ananyamaza, kimya, anaimba tena. Waombolezaji wakaanza kutazamana. Mjane wake akanigeukia.

"Mutoto yangu, huyu iko nangojea nani?"

Mpaka leo sijamjibu, na nyumbani kwake sikanyagi.

Wewe unayerekodi wazee, nakuomba, shika neno hili. Geuza kila ala iwe sauti na uitunze mahali pawili kabla hujagusa programu yoyote. Na usimnyooshe mtu kabla hujamhifadhi alivyo. Majuto ni mjukuu, ndugu zangu, na wangu ameshazaliwa. Adungu yake nimeletewa, iko hapa studio. Nyuzi zimelegea, na hakuna aliyebaki duniani anayejua alikuwa anazikaza mpaka wapi.