Shikamoo Isiyokuwa Yangu

Mimi ni mtu wa mstari ulionyooka. Nikiona picha imekaa upande ukutani siwezi kunywa chai mpaka niinyooshe, hata kama niko nyumbani kwa watu. Kwa hiyo mkuu wa shule aliponikabidhi bendi, katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha Lushoto, alikuwa amempa mlevi funguo za kilabu.

Bendi yenyewe haikuwa na cha kuringia. Matarumbeta sita, mawili yamezibwa kwa gundi ya fundi bomba, ngoma ndogo nne, ngoma kubwa moja ambayo ngozi yake ililegea kila ukungu ulipoteremka, yaani karibu kila asubuhi, na wasichana wanane wa bendera waliovaa soksi nyeupe za kuazimana. Lakini kila mwaka shule za sekondari za wilaya zilishindana. Zilitembea moja baada ya nyingine kutoka stendi, zikapita barabara ya sokoni mpaka uwanjani, na waamuzi walisimama njiani na karatasi zao. Mbili za kwanza zilikwenda Tanga kushindana na wilaya nyingine. Yetu haikuwahi kwenda. Mimi kwetu ni Tanga mjini, na nilitamani mno mama yangu na majirani wanione nikiingia na bendi nyuma yangu. Naliandika hili mapema ili ieleweke kwamba sikuwa naipigania shule peke yake.

Sheria yangu ilikuwa moja: kwenye gwaride huoni mtu. Macho mbele, kidevu juu, hata akipita rais. Watoto wa milimani huku wamelelewa kuamkia. Nimewaona wakitua mzigo wa kuni kwenye kijia cha mteremko ili mkubwa apite na aamkiwe vizuri, wasichana wakikunja goti. Ni adabu nzuri, lakini ikiingia kwenye gwaride inakata mstari, na mstari ukikatika alama zinakwenda. Basi nikabuni zoezi. Nilimwomba mama wa jikoni, mpishi wetu, apite katikati ya mazoezi akiwa na ndoo yake, na kila mwanafunzi aliyemwamkia alizunguka uwanja mara tatu. Mama yule alipita siku mbili. Siku ya tatu akaweka ndoo chini akaniambia hataki tena mchezo huu, watoto wanampita kana kwamba yeye ni kisiki. Akasema ninawafundisha ujeuri. Nilicheka, nikamwambia gwaride si msiba, hakuna kupeana pole.

Mbele ya bendi alitembea msichana wa kidato cha tatu aliyebeba bendera ya shule. Alitoka upande wa Mlola, alilelewa na babu yake tangu akiwa mdogo, na alikaa bweni. Sijaona mgongo ulionyooka kama ule. Alikuwa haongei sana, ila mara moja alinifuata baada ya mazoezi akaniuliza kama ni kweli Tanga tutalala huko na kama mtu aliyebeba bendera mbele ni yule yule hata mkoani. Nikamwambia ni yule yule, asipoharibu. Akaniambia hajawahi kuvuka Mombo, chini ya milima, na babu yake, anayeuza karoti, ameshawatangazia watu wote sokoni kwao kwamba mjukuu wake anakwenda kuiwakilisha wilaya. Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua jambo lile lilikuwa na uzito gani kwake.

Siku ya mashindano jua lilitoka mapema, ngoma ikawa imekaza, na tulipoondoka stendi nilisikia kabisa kwamba leo ni yetu. Nilikuwa natembea pembeni, hatua chache nyuma ya bendera. Watu walijaa kando ya barabara, wengine wakipanda juu ya matenga ya kabichi ili waone. Tulipofika usawa wa sokoni, palipokuwa na mwamuzi wa pili, nikamwona mzee mmoja wa kanzu na koti la kijivu amesogea mbele ya watu, karibu kabisa na mstari, anatabasamu.

Msichana alimpita nusu hatua. Kisha akasimama, akageuka, akakunja goti akamwamkia kwa Kishambaa, lugha ambayo mimi sikuijua zaidi ya maneno ya kununulia viazi. Bendera ikainama pamoja naye mpaka ncha ya kitambaa ikagusa lami. Wasichana wa nyuma wakamgonga, tarumbeta moja ikatoa mlio wa mbuzi, na yule wa ngoma kubwa, ambaye haoni mbele kwa ukubwa wa ngoma yake, akaendelea kuja. Haikuchukua hata nusu dakika. Msichana aliinuka, akarudi mbele, akatembea vizuri mpaka mwisho. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona kalamu ya mwamuzi.

Tukawa wa pili. Mtu mwenye akili timamu angeruka kwa furaha, kwa kuwa wa pili naye anakwenda Tanga. Mimi nilikuwa nimeshawaambia walimu wenzangu kwamba tutakuwa wa kwanza. Niliwapanga wanafunzi pembeni ya uwanja, nikamtoa yule msichana mbele, na nikamwambia mbele ya wenzake wote na mbele ya watu waliokuwa wamesimama wakitazama:

"Miezi mitatu nafundisha, halafu wewe unatuangusha kwa ajili ya muuza karoti mmoja. Tanga huendi."

Hakulia. Aliangalia nyuma yangu, na mimi nikageuka kuona anaangalia nini. Mzee wa koti la kijivu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka nilipokuwa, ameshika mfuko wa plastiki wenye mapeasi. Nadhani alikuwa amewaletea watoto. Akauweka chini kwenye nyasi, taratibu, akaondoka. Hapo ningeweza kumkimbilia. Nilichofanya ni kuwaamuru wanafunzi wapande gari, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu nikampa bendera msichana mwingine.

Jumatano, saa nne, tulikuwa ofisi ya walimu tunakunywa chai. Mama wa jikoni alikuwa anamimina, na mimi nimekaa kwenye kiti changu karibu na dirisha, nasahihisha madaftari. Mlango ukagongwa. Ni yule mzee, kanzu ile ile, viatu vina matope mpaka juu, maana usiku mvua ilikuwa imenyesha. Alikuwa amempita marehemu baba yangu kwa umri, na baba yangu alikufa mzee. Akasimama kizingitini, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaunganisha mikono yake mbele ya tumbo, akasema:

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu mmoja alianza kuinuka, akaishia katikati. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, mwenye mvi, amemwamkia mtu wa miaka thelathini na moja mbele ya watu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Ningeweza kuruka kwenye kiti na kumwambia hapana, babu, shikamoo ni yangu kukupa. Hata mtoto wa chekechea angejua.

"Marahaba," nikasema.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba ulimi ulizoea. Mwalimu anaitikia marahaba mara mia kwa siku, akiwa anapanda ngazi, akiwa anatafuna. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nilijiambia, kana kwamba nilijikwaa. Sikujikwaa. Nilikuwa bado na hasira ya kuwa wa pili, na mtu aliyeniletea ule upili alikuwa amejikunja mlangoni, na lilinipendeza. Lilikuwa tamu. Naona haya kuliandika neno hilo lakini sina jingine la kweli.

Mzee akaeleza shida yake akiwa amesimama. Alisema Kiswahili cha taratibu, akichagua maneno, kama mtu anayetumia lugha nyingine nyumbani. Alisema yeye hajui sheria za gwaride. Alisimama mahali pasipostahili, na mtoto alipomwona asingeweza kumpita, kwa kuwa tangu alipoanza kutembea amemfundisha kutompita mkubwa.

"Kosa si la mtoto, mwalimu. Mimi ndiye nilisimama njiani. Mkubwa ni jalala, hizo taka nitupie mimi."

Mama wa jikoni akaweka birika chini. Akamwendea mzee, akakunja goti, akamwamkia kwa Kishambaa, na mzee akamwitikia kwa sauti tofauti kabisa na ile aliyokuja nayo kwangu, sauti ya mtu mwenye nyumba na mashamba. Mama yule akamvutia kiti, akampa kikombe cha chai ambacho nadhani kilikuwa changu. Mimi hakunitazama, wala sikumtafuta macho.

Nikamwambia mzee kwamba nitalifikiria. Ndivyo nilivyosema, kama ofisa wa ardhi. Akanishukuru, akanywa chai kidogo kwa heshima ya aliyempa, akaondoka. Nje ya dirisha nikamwona msichana amesimama chini ya paa la darasa jirani. Sijui alikuwa pale tangu lini. Kutoka pale hadi mlangoni si mbali, na ile shikamoo haikutolewa kwa sauti ndogo.

Kesho yake nikamrudishia bendera. Hakuna aliyeniambia kitu, nami nilijiona muungwana.

Tanga alitembea bila kosa hata moja. Joto lilikuwa kali, watoto wa milimani walikuwa wanalowa mpaka soksi, watu wa mjini wakiwapigia kelele na kuwaita majina kando ya barabara ili wageuke. Hakugeuka. Nilitembea ubavuni mwake nikitazama uso wake, na haukuwa na mtu ndani. Tukawa wa tatu mkoa mzima na wakatupa kikombe. Nilipompongeza alisema asante mwalimu, macho yake yakiwa mbele, na nikaelewa kwamba somo langu lilikuwa limeingia.

Jioni ile niliwaacha wanafunzi na mwalimu mwenzangu, nikaenda kula kwa mama. Nilikuwa na furaha na kikombe nimekibeba. Nikamsimulia habari ya mashindano tangu mwanzo, na nilipofika kwa mzee nilimwigiza, alivyosimama na mikono yake tumboni, nikidhani ni kichekesho. Mama aliacha kula.

"Na wewe ukaitikia?"

Nikasema ndiyo. Akauliza yule mzee ana umri gani, nikamwambia. Akanawa mikono kabla hajashiba, akakusanya vyombo, akaenda kulala. Asubuhi nilipomuaga aliniambia niende kwa yule mzee nikamwamkie, na nisirudi kwake Tanga kabla sijafanya hivyo.

Nilichukua wiki tano. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na mvua, visingizio havikosekani. Hatimaye nikapanda bodaboda kwenda Mlola, siku ya soko. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi mdomoni, mimi mtu anayefundisha wengine: nitafika, nitainama, nitasema shikamoo babu, halafu nitaomba radhi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nilipanga hata niseme kwa sauti, wenzake wasikie, kwa kuwa tusi langu nalo lilisikiwa na watu.

Nilimkuta amekaa kwenye gunia, nyuma ya mafungu ya karoti, na wazee wenzake wanne. Wao hawakunifahamu. Yeye aliniona nikiwa bado mbali, nikiruka vidimbwi vya maji. Nikaharakisha, lakini yeye alikuwa ameshainuka, anajifuta udongo wa mikono kwenye kanzu. Nilikuwa bado sijafungua mdomo aliposema, mbele ya wenzake wote:

"Shikamoo, mwalimu."

Wale wazee wakageuka. Nikainama nikasema shikamoo babu, haraka, maneno yakipandana. Hakuitikia. Alikuwa amesimama anangoja, mikono yake tumboni. Nikarudia, shikamoo babu, tafadhali, mimi ndiye niliyekosa, nimekuja kwa ajili hiyo. Akanisogelea, akashusha sauti ili wengine wasisikie. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Itikia, mwalimu. Usipoitikia nitajua bado una kinyongo na sisi, na mtoto ana mwaka mzima wa kukaa mikononi mwako."

Nikamwambia sina kinyongo, naapa, sijawahi kuwa nacho. Akatikisa kichwa polepole, akiendelea kungoja. Maneno yangu hayakuwa na thamani kwake, na ni mimi niliyeyashusha thamani. Kitu kimoja tu kingempa usingizi, na wenzake wanne walikuwa wananitazama waone kama nitampa au nitamnyima.

Nikaitikia.