Msusi na Bei ya Amri

Jirani yangu msusi ana vidole vyembamba vinavyonukia mafuta ya nazi, na husuka redio ikiwa juu ya stuli, karibu na goti lake. Ukipigwa muziki, anasuka kwa madaha. Akiongea mwanasiasa, anaguna "Mh!" na kukaza msuko mpaka machozi yananitoka. Juzi nilikuwa nimesukwa nusu kichwa, waziri, yule jirani yetu wa nyumba ya ghorofa, akatangaza redioni kwamba kuanzia kesho sukari inashushwa bei kwa amri. Msusi akaruka kama kamwagiwa maji ya moto. "Mama wee! Sukari inapotea hiyo! Na harusi ya mwanangu Jumamosi!" Mimi nakumbuka sabuni, nakumbuka chumvi, zote zilishushwa bei kwa amri, zikahamia uvunguni. Akatoka mbio kwenda dukani; nikajitupia kitambaa kichwani, nikamfuata na magoti yangu haya haya!

Dukani ulikuwa umebaki mfuko mmoja wa sukari, na aliyekuwa akiufungulia pochi ni mke wa waziri mwenyewe. Msusi akaukalia.

"Dada, mimi nimewahi," mama yule akasema.

"Shoga, wewe rudi nyumbani," msusi akamjibu, akihema na kucheka. "Mumeo kasema kesho itakuwa rahisi. Au humwamini?"

Mwenye duka akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mama yule akafunga pochi, msusi akalipa. Nusu ya kichwa iliyobaki, msusi alinimalizia tuliporudi kwake, akiwa ameukalia mfuko ule ule, redio ikiendelea kututoa wasiwasi.